Muulize Mjomba: Nilitaka safu, nikapewa Mwajuma

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Mbagala Kizuiani, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu. Kila Jumapili jioni anarudi na daftari, anakaa sebuleni na kikokotoo, anajumlisha hisa mpaka saa nne usiku, na bado kuna wiki hesabu inakataa kulingana na pesa iliyo sandukuni. Kwa kuwa naanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikaona nimsaidie. Nimeandika hivi (majina nimeyabadilisha):*

```
daftari = [
    ["Asha", 10000, 1000, 0],
    ["Mwajuma", 5000, 1000, 50000],
    ["Neema", 15000, 1000, 0],
    ["Zuhura", 5,000, 1000, 30000],
]
```

*Kila mstari una jina, hisa za wiki, mfuko wa jamii na mkopo anaodaiwa. Nataka safu ya hisa tu, niijumlishe. Nikaandika* `daftari[:][1]`*, maana yangu ikiwa "mistari yote, kisha safu ya pili". Ikaniletea* `["Mwajuma", 5000, 1000, 50000]`*. Sikutaka Mwajuma, nilitaka hisa! Nikajaribu* `daftari[:, 1]` *kama nilivyoona kwenye video moja, ikanijibu* `TypeError: list indices must be integers or slices, not tuple`*. Mama ameanza kuniuliza kama hiyo laptopu inajua kujumlisha kweli. Nisaidie Mjomba, naona aibu.*

*Mtoto wa Mweka Hazina*

Marahaba, mpwa. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa kwenye steshenari yangu Mabibo, na mara zote mbili nimecheka nilipofika "sikutaka Mwajuma". Usidhani nakucheka wewe. Vijana wanaokuja kwangu jioni kujifunza, fotokopi zikishapungua, karibu wote wameshaandika kitu hichohicho. Mabano mawili yamekaa pamoja, la kwanza lina nukta pacha, la pili lina namba, na jicho linaamini kabisa kwamba la kwanza ni la mistari na la pili ni la safu. Sivyo.

Python husoma kutoka kushoto, na kipande kimoja kikiisha ndipo kinaanza kinachofuata. `daftari[:]` inasema "nipe nakala ya daftari zima", basi inapewa. Halafu inakuja `[1]`, inaikuta nakala mkononi, inachomoa kitu cha namba moja ndani yake. Na kitu cha namba moja ndani ya daftari ni Mwajuma na vyake vyote. Ni sawa na kuja kwangu, ukatoa fotokopi ya daftari, kisha ukaweka kidole kwenye mstari wa Mwajuma. Kidole kingefika palepale hata kwenye daftari lenyewe. Fotokopi imekula hela yako bure. Andika `daftari[1]` peke yake uone: Mwajuma yuleyule.

Sasa neno ambalo nalirudia kila jioni mpaka vijana wananiita kasuku: orodha ya Python haina safu. Safu unayoiona ni ya macho yako. Daftari la mama limepigwa mistari kwa rula kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo jicho likiteremka linakutana na hisa tupu. Wewe nawe umeipanga programu yako vizuri, mwanachama chini ya mwanachama, ikawa kama jedwali. Python hilo jedwali hailioni. Inaona orodha yenye vitu vinne, na kila kimoja ni orodha nyingine inayojitegemea, isiyojua jirani yake ana nini wala ana vitu vingapi. Ungeyaandika yote kwenye mstari mmoja mrefu kama kamba ya kuanikia, kwake ni mamoja.

Kwa hiyo safu utaikusanya mwenyewe, na mama yako anaijua kazi hiyo kuliko mimi. Siku ya kikao, chini ya mwarobaini au barazani kwa mtu, sijui nyie mnakaa wapi, mweka hazina hasemi "hisa zote njooni mezani". Anaita jina. Asha anakuja na kijitabu chake, kinafunguliwa, panatazamwa pale pa hisa, kiasi kinaandikwa, Asha anarudi kukaa. Anaitwa Mwajuma. Hivyohivyo mpaka wa mwisho. Nawe andika vilevile:

```
hisa = []
for mwanachama in daftari:
    hisa.append(mwanachama[1])
print(sum(hisa))
```

Mstari wa pili ndio unaoita majina. Kila mzunguko, `mwanachama` anakuwa orodha moja ndogo, kwanza ya Asha, kisha ya Mwajuma, na `mwanachama[1]` inachungulia ndani ya hiyo ndogo; `append` inakiongeza kilichoonekana kwenye orodha ya hisa, na `sum` inajumlisha mwishoni. Ile moja yako ilikuwa sahihi tangu mwanzo, mpwa; ulikuwa unabisha hodi mlango wa jirani.

Na kwa nini moja, wakati hisa ni kitu cha pili? Hesabu kama maghorofa ya Kariakoo. Duka la vitenge liko chini; ukipanda ngazi ndipo unasema uko ghorofa ya kwanza. Jina liko chini, namba sifuri. Hisa ghorofa ya kwanza, jamii ya pili, mkopo ya tatu.

Nikuibie siri moja kabla hatujaendelea, kwa kuwa swali lako limenifurahisha. Mwaka 1991 Mholanzi Guido van Rossum aliitoa Python kwa umma mara ya kwanza. Mwaka huohuo, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, ambavyo vikoba vyetu ni ndugu zao. Hivi viwili unavyovikutanisha sebuleni kwenu ni rika moja.

Turudi kazini. Ile mistari mitatu ya kwanza unaweza kuifupisha, kwa namna iliyoingia kwenye Python toleo la 2.0 mwaka 2000:

```
hisa = [mwanachama[1] for mwanachama in daftari]
```

Isome ukianzia katikati: kwa kila mwanachama aliyemo daftarini, nipe `mwanachama[1]`. Vijana wanaipenda kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Mimi nakushauri ukae na ile ndefu wiki mbili tatu kwanza, maana kwenye ile ndefu unaweza kupenyeza `print` katikati ukaona kinachopita. Na utahitaji kuona, kwa sababu nilipolinakili daftari lako kama lilivyo nikaliendesha, jumla ilikuja 30005.

Shilingi tano, mpwa! Kikoba gani cha Mbagala kinapokea hisa ya shilingi tano? Nikapenyeza `print`, safu ikajitokeza:

```
[10000, 5000, 15000, 5]
```

Tazama tena mstari wa Zuhura. Wenzake umewaandikia 10000, 5000, 15000. Zuhura umemwandikia 5,000, kama tunavyoandika kwenye risiti na kwenye kadi za michango. Kwa binadamu koma ile inapumzisha jicho. Ndani ya mabano ya orodha, koma ni ukuta kati ya kitu na kitu. Python imesoma tano, ukuta, halafu sifuri tatu, na sifuri tatu kwake ni sifuri tu. Zuhura akatoka na vitu vitano badala ya vinne:

```
["Zuhura", 5, 0, 1000, 30000]
```

Kila kilichofuata kimesogea nafasi moja kulia. Mchango wake wa jamii umesomeka sifuri. Mkopo wake wa shilingi 30,000 umesomeka 1,000. Ungejumlisha safu ya mikopo ungepata 51,000 badala ya 80,000, na Zuhura angekuwa amesamehewa shilingi 29,000 bila kikao kukaa.

Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake. Ungeandika 5,050 programu ingegoma palepale, maana Python haikubali 050, namba iliyotanguliwa na sifuri namna ile. Lakini 5,000 inapita, 2,500 inapita, 10,000 inapita, na ndizo pesa mnazozishika kila Jumapili. Kama jicho lako linataka pumziko, weka kistari cha chini: `5_000`. Inakubalika tangu toleo la 3.6 la mwaka 2016, na inasomeka elfu tano kamili.

Ndiyo maana kwenye hesabu za pesa za watu mimi namba za nafasi sizipendi sana. Napenda hivi:

```
jumla_hisa = 0
for jina, hisa, jamii, mkopo in daftari:
    jumla_hisa = jumla_hisa + hisa
print(jumla_hisa)
```

Hapa kila mstari unafunguliwa na vitu vyake vinapewa majina. Husomi `[1]`, unasoma `hisa`. Hata mama akisimama nyuma yako na miwani yake ataelewa. Na ikimfikia Zuhura mwenye vitu vitano, programu inasimama: `ValueError: too many values to unpack`, yaani vitu vimezidi majina. Shukuru ikigoma hivyo. Afadhali igome Jumapili sebuleni kuliko ikubali kimya mpaka siku ya kuvunja kikoba, sanduku limefunguliwa kwa funguo zote tatu na akina mama wote wamekukodolea macho. Ondoa koma ya Zuhura, utapata 35000.

Kuna njia nyingine utakutana nayo, na mimi na yenyewe tuna historia:

```
safu = list(zip(*daftari))
print(safu[1])
```

Ni zipu, kama ya begi. Meno ya upande huu yanakutana na ya upande ule, la kwanza na la kwanza, la pili na la pili. Hapa pande ni nne, moja kwa kila mwanachama, na ile nyota inaimwaga mistari nje ya orodha kubwa ili zipu iipokee mmoja mmoja. Majina yanatoka pamoja, hisa pamoja, mikopo pamoja. Daftari limelazwa ubavu. Ukitaka safu zote kwa mpigo, hakuna njia nyepesi kama hiyo. Ila zipu ikikuta upande mmoja ni mfupi, inaishia hapo.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Kamati zetu za Dar mnazijua: vikao kila wiki, kadi, ahadi, na wachache wenye taslimu. Michango niliiweka kwenye Python, kila mtu jina, ahadi, taslimu. Kwa kujidai nikapitisha zipu, na kwa kuwa taslimu ilikuwa ya mwisho nikaichukua kwa `safu[-1]`, maana hasi moja ni kitu cha mwisho. Sasa kulikuwa na jamaa mmoja ametoa ahadi nene na hajaleta hata senti. Badala ya kumwandikia 0 nikamwachia vitu viwili tu, jina na ahadi. Zipu ilipokuta kwake kuna meno mawili, ikafunga mawili kwa watu wote. Safu nzima ya taslimu ikapotea bila neno lolote. Na safu ya mwisho ikawa ipi? Ahadi.

Nikasimama kikaoni, nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba tuna taslimu shilingi 6,400,000. Makofi. Mwenyekiti akaagiza idadi ya sahani iongezwe palepale. Mweka hazina, mama mmoja asiye na maneno mengi, akafunua daftari lake la karatasi, akateremsha kidole, akaniangalia juu ya miwani: "Shemeji, mimi hapa nina milioni mbili na laki moja na nusu. Hizo nyingine unazo wewe?"

Tangu siku ile mtu asiyeleta kitu namwandikia 0, simwachi tupu. Na tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021 unaweza kuiambia zipu ikatae mistari isiyolingana:

```
safu = list(zip(*daftari, strict=True))
```

Mmoja akipungua au akizidi, inakuja `ValueError`. Zuhura wako mwenye vitu vitano angekamatwa na hii pia. Bila hiyo `strict`, kile kitu chake cha tano kingekatwa kimyakimya, na kitu chenyewe ndio huo mkopo.

Ile `daftari[:, 1]` ya kwenye video si uongo, ni ya nyumba nyingine. NumPy, maktaba ya mahesabu iliyotoka mwaka 2006, ina jedwali la kweli lenye mistari na safu, na humo mabano yanapokea mambo mawili yaliyotengwa kwa koma. Orodha ya kawaida inataka jambo moja tu, ndiyo maana ikakulalamikia. Kwa ajili ya kikoba usihamie huko bado: ukichanganya majina na pesa kwenye jedwali moja la NumPy, pesa nazo zinageuzwa maandishi, na maandishi hayajumlishwi. Hayohayo yatakukuta siku utakapoanza kusoma daftari kutoka kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi lenye koma kati ya kitu na kitu; kila kitu kitakuja kama maandishi, itabidi upitishe `int`, inayogeuza maandishi kuwa namba, kwenye hisa kabla ya kujumlisha. Na hapo ukiwa umeandika "5,000" kwenye faili, pamoja na hizo alama za nukuu, `int` itaikataa. Angalau yenyewe inasema.

Msalimie mama. Mwambie laptopu inajua kujumlisha, ila haijui koma ya risiti.

*Mjomba, nina bodaboda tatu Kigamboni. Niliandika* `hesabu = [[0] * 7] * 3`*, yaani kila pikipiki siku saba. Dereva wa kwanza akaleta hesabu ya Jumatatu, nikaandika* `hesabu[0][0] = 10000`*. Kutazama, wote watatu wameandikiwa elfu kumi. Laiti ingekuwa kweli!*

*Mwenye Pikipiki*

Ndugu yangu, wiki uliyonayo ni moja tu, umeipa majina matatu. Ile `* 3` ya nje haikutengeneza orodha mbili zaidi. Imefunga kamba tatu kwenye daftari lilelile, kwa hiyo ukivuta kamba yoyote na kuandika, umewaandikia wote. Tengeneza hivi:

```
hesabu = [[0] * 7 for pikipiki in range(3)]
```

Hapa kila mzunguko unazaa wiki mpya ya pikipiki yake. Ile `* 7` ya ndani iache, sifuri hazina tabia hiyo. Na safu ya Jumatatu utaipata kama nilivyomwambia mpwa wa Kizuiani hapo juu:

```
[pikipiki[0] for pikipiki in hesabu]
```

Sifuri ni Jumatatu kwa sababu wewe umeamua wiki yako ianzie hapo. Kwa majina yetu ya siku ingeanzia Jumamosi, lakini tusigombane. Ukiendesha na kuona `[10000, 0, 0]`, programu iko sawa. Hao wawili wapigie simu.